Nailoni ya Mwalimu wa Ushauri

Mwalimu wa Ushauri hakuwahi kubandua nailoni kwenye kitu chochote alichokipata kipya. Simu yake ilibaki na ile karatasi laini ya dukani juu ya kioo, imejaa mapovu na vumbi, hata ukimwonyesha picha ilimbidi ainamishe kichwa upande kama kuku anayechungulia punje. Kiti chake cha ofisini kilikuwa na nailoni iliyolia kila alipogeuka. Rimoti ya televisheni nyumbani kwake ilivishwa mfuko na kukazwa kwa mpira. "Kitu ukishakivua nguo," alipenda kusema, "kimeanza kufa." Nilifanya naye kazi miaka mingi katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma, yeye akiwashauri wanafunzi juu ya kazi watakazofanya maishani, mimi nikifundisha Kiswahili. Nasema mapema ili nisije nikaonekana mnafiki mbele ya safari: nilimdharau. Namdharau mpaka leo, ingawa sasa ni mzee na tukikutana namwamkia shikamoo yake kamili.

Alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi. Katika mji huu ambao upepo hauna adabu na vumbi huingia mpaka kwenye chumvi, yeye alifika shuleni na viatu vinavyong'aa, kisha akavipangusa tena mlangoni kwa kitambaa alichokiweka mfuko wa nyuma. Chaki hakuishika kwa vidole. Aliizungushia karatasi kwanza. Akimwona mwanafunzi ana wino mikononi alimwita, akamgeuza viganja mbele ya wenzake, akatoa hukumu yake: "Mkono mchafu haushiki kalamu ya serikali." Wanafunzi walicheka, naye akadhani wanacheka kwa hekima aliyoitoa.

Misemo yake mingine ilikuwa ya namna hiyohiyo. Spana haina pensheni. Kichwa hutawala, mkono hutumwa. Ukiona mtu amelala chini ya gari, ujue alilala darasani. Huu wa mwisho aliupenda sana, akautoa kwenye mahafali, kwenye kikao cha wazazi, na mara moja kwenye msiba wa dereva wa shule, mbele ya makanika waliokuwa wamebeba jeneza. Nilikuwepo. Nilitamani ardhi ipasuke, si inimeze mimi, immeze yeye na suti yake ya kijivu.

Kila mwaka aliandaa Siku ya Fani, na hapo ndipo alipojionyesha alivyo. Viti vilipangwa uwanjani kwa mistari, na kila mstari ulikuwa na kibao chake. Mbele kabisa udaktari. Nyuma yake uanasheria, kisha uhasibu, kisha ualimu, hivyohivyo mpaka nyuma kabisa karibu na jiko la shule, ambako moshi wa kuni ulikuwa ukitoka, palipokuwa na kibao kilichoandikwa UFUNDI. Mwanafunzi hakuchagua mstari. Alipangwa kwa alama za mtihani wa muhula. Waliofeli walikaa kwenye moshi, na sherehe ilipokwisha hao ndio waliobaki kukunja viti na kufagia. Hivyo mtoto wa miaka kumi na sita alijifunza kwa macho na kwa pua kwamba umeme, useremala, uchomeleaji, ufundi wa majokofu na wa simu ni adhabu ya kutojua hesabu. Siku moja nilimuuliza kama mtu asiyejua hesabu anaweza kufunga nyaya za nyumba na nyumba isiungue. Alinitazama kwa huruma. "Madamu," alisema, "wewe ni mtu wa mashairi."

Lakini nyani haoni kundule. Nyumbani kwake taa ikizimika alipiga simu kwa fundi kabla hajaangalia kama umeme wa luku umeisha. Bomba likitoa tone, fundi. Kitasa kikikwama, fundi. Na fundi alipofika, Mwalimu alivuta kigoda, akakaa kando yake na kumhutubia juu ya thamani ya elimu mpaka kazi ikaisha. Mkewe, mama mpole aliyefuma vitambaa vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, alinisimulia kwamba fundi bomba mmoja wa Majengo alikuja kwao mara nyingi sana mpaka watoto wakamzoea wakamwita baba mdogo. Mwalimu hakuwahi kumuuliza jina.

Msidhani alichukia teknolojia. Hapana, aliiheshimu, lakini ile inayokaa mezani tu. Kwake kompyuta ilikuwa na watu wa aina mbili: anayeketi mbele ya kioo, huyo ni mtaalamu, na anayeifungua mgongo kwa bisibisi, huyo ni fundi. Neno TEHAMA alilitamka akiwa amesimama wima. Shule ilipopewa kompyuta, alizifunika kwa vitambaa vya mkewe, akafunga chumba, akaanza kufundisha kwa ubao. Alichora kibodi nzima kwa chaki, herufi kwa herufi, wanafunzi wakainakili kwenye madaftari. Kisha akapiga makofi: "Haya, andikeni majina yenu!" Darasa zima likaanza kubonyeza karatasi. Nilipita dirishani nikaona vidole vinapigapiga madaftari kimya kimya, wote wakiwa na nyuso za kazi, naye akitembea katikati yao akisahihisha. "Wewe, umesahau nafasi. Bonyeza nafasi." Nilicheka mpaka nikajishika ukuta, halafu nikaona haya, kwa sababu mmoja wa waliobonyeza alikuwa binti wa kaka yangu.

Jina lake Nyemo. Na hapa lazima nimpe mwanamume yule haki yake, hata kama inanikwaruza kooni. Nyemo alikuwa shuleni kwa sababu yake. Kaka yangu anafuga na kulima kijijini ndani huko Chemba, na Nyemo alipomaliza kidato cha kwanza alimrudisha nyumbani akachunge, kwa kuwa wadogo zake walikuwa bado hawajaweza. Mimi shangazi nilipiga simu, nikalia, nikatukana, haikusaidia. Mwalimu wa Ushauri hakuniambia kitu. Alipanda lori la mahindi lililokuwa linarudi tupu, na viatu vyake vile, akalala kijijini, akala ugali na mlenda kwa kaka, na asubuhi akarudi na mtoto. Alifanya hivyo kwa wengine pia. Wazazi walimheshimu, na walikuwa na sababu. Sijui aliongea nini usiku ule. Najua tu kwamba tangu siku hiyo alimhesabu Nyemo kuwa mali yake.

Nyemo alikuwa na akili za darasani, lakini raha yake ilikuwa kwingine. Alikuwa akiishi kwangu, na sikumbuki redio iliyokaa kwangu ikiwa imefungwa. Alizifungua, akazitandaza juu ya kanga, akazirudisha zikalia. Pasi ya jirani, feni ya kanisani, chaja za walimu, vyote vilipita kwenye meza yangu ya kulia chakula. "Shangazi, nataka kusoma umeme," aliniambia, "kule kijijini pampu ya sola imesimama tangu nikiwa mdogo, na kila anayekuja kuitazama anaitazama tu." Alisema hivyo bila majivuno, akitafuna karanga. Ndipo wafadhili wakajenga karakana shuleni kwetu, wakaleta mashine, wakaahidi kwamba wanafunzi wachache watakaopendekezwa na shule watasomeshwa chuo cha ufundi wakimaliza kidato cha nne. Nyemo alinikumbatia jikoni nikamwaga uji. Mwenye kupendekeza, kwa kawaida ya shule zetu, alikuwa Mwalimu wa Ushauri.

Ufunguo wa karakana aliuvaa shingoni pamoja na filimbi. Mashine zilikaa ndani na nailoni zao za kiwandani, na juu ya nailoni, vitambaa vya mkewe. Mtu angeingia angedhani ni sebule ya bibi harusi. Wanafunzi waliruhusiwa kuingia kwa safu, mikono nyuma, wakatazama, wakatoka. Wakiuliza lini watazitumia alijibu kwamba mashine si ng'ombe wa kukamuliwa kila siku. Nilimwambia Mkuu wa shule hili ni jambo la kipuuzi. Mkuu akaniambia, "Madamu, angalau hakuna kilichoibwa." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya karakana yetu.

Siku wafadhili walipokuja kuona matunda ya mkono wao, vitambaa viliondolewa, nailoni ikabaki. Jana yake Nyemo, aliyechaguliwa kuwasha mashine kubwa ya kukerezea vyuma kwa kuwa ndiye aliyeongoza darasa, alikuwa ameuliza mbele ya wenzake: "Ticha, hii nailoni ya kwenye mota tuitoe?"

"Uitoe iende wapi?" alisema Mwalimu. "Wageni waone vitu vyao bado vipya, wajue tunatunza."

Basi Nyemo akabonyeza swichi, mashine ikanguruma, wageni wakapiga makofi, na ilitakiwa izimwe hapo. Lakini Mwalimu alinyoosha mkono. "Iache," akasema, "iwe inaunguruma nyuma yangu." Akatoa hotuba. Alianza na uhuru wa nchi, akaja kwenye elimu, akashukuru kamati, akashukuru wazee, akarudi kwenye elimu. Nyuma yake nailoni ililegea, ikaanza kujikunja, ikavutwa ndani ya feni ya mota. Mlio ukabadilika. Sote tuliusikia isipokuwa yeye, aliyeongeza sauti ili aushinde. Kisha ikaja harufu, na baada ya harufu moshi mweusi mzito uliotukohoza wote, wageni wakatoka mbio wakiwa wamejifunika pua kwa skafu walizovishwa getini. Nyemo ndiye aliyerudi ndani akakata umeme ukutani.

Nje, kwenye jua, mgeni mmoja aliuliza kumetokea nini. Mwalimu wa Ushauri alijipangusa uso kwa kitambaa cha viatu. "Ni huyu binti," alisema. "Kabonyeza vibaya. Watoto wa kike na mashine, mnajua." Akacheka kidogo, kama mtu anayemwombea mtoto wake radhi. Nilimtazama Nyemo. Alikuwa anatazama mikono yake, nami nikawaka hasira mpaka meno yakaniuma. Nilisema kwa sauti kwamba mtoto aliuliza jana na akakatazwa. Mkuu akanishika kiwiko na kunivuta kando, na wageni walipelekwa kunywa soda.

Majina ya chuo yalipotoka, Nyemo hakuwemo. Aliyekuwemo kwanza kabisa alikuwa kijana wa mstari wa moshini, mtoto mwema asiye na makuu, aliyetaka kuimba kwaya na si kitu kingine chochote duniani. Nilimpigia kaka simu akaja, tukaenda sote nyumbani kwa Mwalimu. Nilidhani naenda kugombana na mtu mwenye kisasi. Nilikosea, na lililokuwepo lilikuwa baya zaidi.

Alitupokea kwa furaha. Alituletea zabibu za Makutupora kwenye sahani, akamkalisha kaka kwenye kochi lenye nailoni. Baada ya salamu na hali za mifugo, nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu ana akili!" alisema, na macho yake yalikuwa yanang'aa kweli. "Madamu, wewe ni mwalimu, huoni? Alama zile ukazizike kwenye nyaya? Nimemtoa porini ili aje kushika koleo? Kule nimepeleka wasio na pa kwenda. Huyu anakwenda kidato cha tano, anakwenda chuo kikuu, atakaa ofisini hapahapa makao makuu, na mlango wake utakuwa na jina. Nimemwokoa mara ya pili."

"Yeye anataka umeme," nilisema. "Muulize mwenyewe."

"Mtoto akililia wembe?" akanijibu, na akaiacha methali hewani, kama vile haiishii kwa "mpe".

"Na mashine? Ulimsingizia mbele ya watu."

"Ah, lile," alisema, akipunga mkono. "Lile limemsaidia. Angebaki na sifa ya ufundi, ingemponza."

Nilimgeukia kaka. Kaka alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi akiogopa kuichafua nailoni, kofia yake mapajani. Ng'ombe wake wote anawajua kwa kwato, lakini pale alikuwa mdogo. "Dada," aliniambia taratibu, "mwalimu ndiye aliyemtoa kwangu machungani. Mimi nitasema nini tena? Mwalimu amesema." Mwalimu akamsogezea zabibu. Tukala. Sijawahi kula kitu kitamu kwa uchungu kama ule.

Kijana wa kwaya alirudi kutoka chuoni kabla ya mwaka kwisha, akasema kelele zinamharibu sauti, na nafasi ikapotea hivyohivyo. Nyemo alikwenda kidato cha tano. Alifaulu. Alikwenda chuo kikuu akasoma utawala, akavaa joho, kaka akachinja. Mwalimu wa Ushauri alihudhuria, akatoa hotuba, akamtaja kama ushahidi. Kisha Nyemo akarudi kwangu na bahasha zake kusubiri ajira, na ajira haijaja. Sasa yuko Majengo, kwenye banda la nafaka la ndugu wa mama yake, anapima mahindi na kunde. Ni kazi halali, na anaifanya kwa uaminifu, wateja wanampenda. Siidharau. Ninayemdharau nimeshamtaja.

Redio yangu iliharibika mwaka jana. Niliiweka mezani, na kanga nikaitandika, nikajifanya nina shughuli nje. Niliporudi ilikuwa pale pale. "Ipeleke kwa fundi, Shangazi," Nyemo alisema, bila kuinua macho kwenye simu yake. Nilimwambia bado hajachelewa, vyuo vipo, umri upo. "Niliambiwa akili zangu ni za kitu kingine," alisema. "Nakisubiri hicho kingine." Nilitoka uani nikalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

Mwalimu alistaafu kwa sherehe kubwa. Tukampa jokofu. Alishukuru, akaomba lisifunguliwe boksi. Ufunguo wa karakana ulitafutiwa mtu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele, Mkuu akanitupia. Kazi ya kwanza niliyofanya ni kuingia na wembe. Nilichana nailoni zote siku moja, wanafunzi wakanisaidia, na vitambaa nikamrudishia mke wa Mwalimu kwa heshima. Mashine ile iliyoungua ililetewa mota nyingine. Wenye kufundisha ni walimu wa fani, vijana wawili wanaojua wanachokifanya. Mimi kazi yangu ni kufungua mlango na kuuacha wazi.

Kisha ikaja mitaala mipya, na neno amali, jina jipya la ufundi, likawa kwenye kila redio. Wakubwa wanalisema, wachungaji wanalisema, na wazazi waliokuwa wakiwachapa watoto kwa kufungua redio sasa wanauliza nafasi za umeme. Juzi, mwanzoni mwa muhula, wakati wa mapumziko ya chai, nilimwona Mwalimu wa Ushauri akivuka uwanja. Suti ileile ya kijivu, imekuwa kubwa kwake. Viatu vinang'aa. Alikuwa amemshika mkono binti wa kidato cha kwanza, mjukuu wake, na binti alikumbatia ovaroli mpya ya bluu, ikiwa bado ndani ya nailoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Madamu. Hujambo? Nimekuletea mtaalamu." Akamsukuma binti mbele. "Amali, Madamu! Ndiyo dunia ya sasa. Mimi siku zote nilisema, mkono ni dhahabu."

Nilimwangalia usoni nikitafuta aibu, hata chembe. Hakukuwa na kitu. Alikuwa anaamini alivyosema, kama alivyoamini yale mengine. Nafasi za umeme zilikuwa zimejaa, na yeye alijua, ndiyo maana alikuja mwenyewe. Ilikuwa juu yangu, mwenye ufunguo, kumwongeza. Nakiri nilionja utamu wake, ule wa kumkatalia, na niliuweka mdomoni kwa muda. Binti alikuwa ananitazama. Kucha zake zilikuwa na masizi ya risasi ya kuchomelea nyaya.

"Unapenda nini?" nilimuuliza.

"Nilifungua redio ya babu," alisema kwa sauti ndogo, akimtupia babu jicho. "Inalia sasa."

"Mwache akae mbele, Madamu," Mwalimu alisema. "Ana alama nzuri. Asije akakaa nyuma na hao wengine."

"Karakana haina mbele, Mwalimu," nilimwambia. Nikachukua ovaroli kutoka mikononi mwa binti, nikaichana nailoni kwa meno, nikamvalisha juu ya sare. Ilimpwaya, tukamkunja mikono. "Ingia. Ukichafuka usijifute." Akakimbilia ndani kwenye kelele.

Mwalimu aliinama kwa taabu, akiwa ameshika kiuno, akaokota ile nailoni chini. Akaikung'uta vumbi. Akaanza kuikunja, pembe kwa pembe, kwa vidole vile visafi.

"Na yule binti wetu," aliuliza, "Nyemo. Yuko wapi siku hizi?"

"Majengo. Anapima mahindi."

Alisimamisha vidole. Nilisubiri. Nilisubiri kwa miaka yote ile, pale pale mlangoni, mashine zikilia nyuma yangu.

"Lakini shahada anayo," alisema, akaitia nailoni mfukoni.